Meza Isiyotikisika

Boise, Jumamosi, 11 Januari 2025

Mzee wa nyumba ya pili amenigongea asubuhi, theluji imeganda ngazini. Nilidhani anataka nimsaidie kuiondoa. Alisimama kizingitini, kofia mkononi, akaniuliza kama ni kweli mimi ni seremala. Nikamwambia ni kweli. Nilifunzwa ufundi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na hapa nafunga makabati ya jikoni. Akasema, "Nahitaji meza isiyotikisika."

Akanipeleka gerejini kwake. Meza aliyonayo ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya vigoda viwili. Ukingoni kumefungwa mashine ya chuma cha kusubu, ya kijani, nzito, yenye mpini mrefu. Mzee alijaza glasi maji mpaka mdomoni, akaiweka katikati ya ule mlango, akavuta mpini. Maji yakamwagika. Akavuta tena, yakamwagika tena. "Na mizani yangu inakaa hapohapo," akasema.

Nikauliza anapima nini. Hakuzunguka: baruti. Ana rivolva ya zamani ya kulengea shabaha za karatasi, na risasi zake anazijaza mwenyewe kwa mkono tangu ujana. Sasa ana miaka 81, vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi, na risasi za dukani zinampiga teke la mkono. Akijaza mwenyewe anaweza kuzifanya za upole.

Nilimwambia nitampa jibu kesho. Njiani mikono yangu ilikuwa mizito, kana kwamba nimebeba kitu.


Jumapili, 12 Januari

Nimemweleza mke wangu baada ya ibada. Alikuwa anasonga ugali, hakugeuka. "Baba watoto," akasema, "sisi kile kitu tulikikimbia. Leo wewe unakitengenezea meza?"

Sikuwa na la kumjibu, na bado sina.

Oktoba 1996, vita vilipofika kwetu Uvira, nilikuwa na miaka 11. Tulivuka ziwa usiku kwenda upande wa Kigoma, watu wengi kwenye mtumbwi mmoja, mama amenifunika kichwa kwa khanga kana kwamba khanga inazuia risasi. Mpaka leo risasi naijua kwa sikio tu. Naijua ya mbali na ya karibu, naijua iliyopita na iliyopiga kitu. Sikuwahi kujua inavyotengenezwa, wala sikuwahi kufikiria kwamba inatengenezwa. Kwangu ilikuwa kama radi: inakuja.

Kinachonisumbua ni kwamba namwelewa yule mzee. Fundi akikwambia meza yake inatikisika, umesikia maumivu yake. Na mizani ya baruti juu ya meza inayocheza, hata asiyejua bunduki anaona hatari iko wapi.

Jioni mke wangu amesema jambo moja tu: nikienda, nguo za huko zisiingie ndani.


Jumatano, 15 Januari

Nimekwenda kupima. Kwanza nilimwomba anionyeshe kazi yenyewe mwanzo mpaka mwisho, maana huwezi kumshonea mtu koti hujamwona anavyotembea.

Alipanga vitu vinne kwenye kitambaa. Ganda la shaba. Fataki, kikombe kidogo kinachokaa katika tundu la kitako cha ganda na kutoa cheche kinapogongwa. Baruti. Na kichwa chenyewe, cha risasi. Akaendelea kuniambia majina yake kwa Kiingereza, na mimi moyoni nayataja kwa Kiswahili, nikashangaa kwamba yote tunayo. Baruti, fataki, risasi, ganda. Sisi madini ya risasi na kile kinachoruka tunaviita kwa jina lilelile. Nilimkumbuka babu kule Fizi na gobole lake: anamimina baruti mtutuni, anaingiza nyuzi za mgomba, anashindilia kwa ufito wa chuma, marisau juu, kisha anapachika fataki. Babu naye alikuwa anajaza kwa mkono. Ganda la shaba limekusanya tu katika kikombe kimoja yale aliyoyatenganisha babu. Likishapigwa, kilichokwisha ni fataki, baruti na kichwa; shaba inabaki, na shaba ndiyo ghali. Ndiyo maana watu huijaza tena.

Ana mtungi wa maganda aliyookota uwanjani. Akachagua mawili, akaniwashia tochi. La kwanza ni lake, la .38 Special, aina iliyotoka mwishoni mwa karne ya 19. Ndani, chini kabisa, tundu moja katikati. Sindano ya mashine hupita tunduni humo na kuisukuma nje fataki iliyokwisha. Mpango huo uliwazwa na Mwingereza, Kanali Boxer, miaka ya 1860. Mmarekani Berdan, miaka hiyohiyo, aliwaza mpango wake wenye vitundu viwili pembeni, ambao sindano haina pa kupita. Mwishowe Wamarekani wakashika wa Mwingereza, na nchi nyingi za Ulaya zikashika wa Mmarekani. "Hili la pili," mzee akasema, "halijaziki kirahisi."

Nililijua kabla hajalisogeza kwenye mwanga. La chuma, rangi ya kijani iliyochakaa, limebana shingoni. La Kalashnikov. Uvira tulikuwa tunayaokota barabarani, tunapulizia mdomoni yanalia kama filimbi, tunabadilishana matatu kwa embe moja. Sikuwahi kuchungulia ndani. Leo nimechungulia: vitundu viwili, kama macho.

Mzee aliona nimenyamaza. Akalichukua polepole, akalirudisha mtungini, akakifunga kifuniko. Hakuuliza. Nilimshukuru kwa hilo kuliko kama angeuliza.

Vipimo: kimo sentimita 96, ili asimame au akalie kigoda kirefu bila kuinamisha mgongo. Urefu sentimita 183, upana 61.


Jumamosi, 18 Januari

Dukani kununua mbao. Hapa Marekani "mbili kwa nne" si mbili kwa nne: ukiipima ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, kwa sababu jina limebaki la kabla ya kukaushwa na kupigwa randa. Mwaka wa kwanza niliharibu kabati zima kwa kuamini jina. Nimechagua msonobari wa Douglas, kipande kimoja kimoja, nikitazama kila kimoja kwa jicho moja kama anayelenga. Iliyopinda nimeiacha. Mbao hizi ni nyepesi ukizilinganisha na mninga wa Kigoma, na nimeshaacha kulalamika. Uzito nitautafuta kwingine.

Nilipofika kwake kuweka alama ukutani, nikaona jambo ambalo ingebidi nilione Jumatano. Pembeni mwa mahali alipotaka meza, hatua mbili hivi, limesimama tangi la gesi la kupashia maji moto. Nikapiga magoti. Chini ya tangi kuna kidirisha, na ndani yake kimwali cha buluu kinachowaka usiku na mchana.

Nikamwita. "Mzee, hapa pana jiko linawaka."

Akaguna. Amekaa na tangi hilo miaka mingi kiasi kwamba halioni tena. Akaniambia baruti ya siku hizi, isiyo na moshi, ikiwa wazi hailipuki, inaungua tu kwa kasi. Nikamwambia kambini nimeona nyumba za nyasi zikiungua tu kwa kasi, safu nzima. Tukabishana kidogo, kwa heshima. Mwishowe alikubali: meza itakwenda pembe ya pili ya gereji, ukuta wa kaskazini, mbali na tangi, na hapatakuwa na zulia sakafuni. Alikuwa na kipande cha zulia cha kupasha miguu joto. Fataki ikiangukia kwenye manyoya ya zulia hutaiona mpaka umeikanyaga, na baruti ikimwagika humo utataka kuivuta kwa mashine ya kufyonza vumbi, ambayo mota yake ina cheche. Sakafu tupu na ufagio vinatosha.


Jumapili, 19 Januari

Nyuzi joto kumi chini ya sifuri. Sikufanya kazi. Nilichora tu.


Jumamosi, 25 Januari

Siku nzima gerejini. Mabega yanauma, lakini yanauma vizuri.

Tatizo la meza hii si kubeba, ni kuvutwa. Mashine inakaa ukingoni, na mpini unavutwa kwenda chini mbele ya meza. Kila ukivuta, ukingo wa mbele unakandamizwa na nyuma ya mashine inataka kung'oka. Na ganda likipita kwenye kalibu yake, ile pete ngumu inayolirudisha kwenye unene wake wa awali, panahitajika nguvu kweli. Ukiweka skrubu za mbao tu, miezi mitatu zimelegea. Kwa hiyo: bolti nne zinazopenya uso mzima wa meza, na chini yake nimeweka kipande cha bamba la chuma badala ya washa, ili nguvu isambae. Mguu wa mbele wa kushoto haukukaa pembeni kabisa kama kwenye meza za kawaida. Nimeusogeza uje moja kwa moja chini ya mashine. Ukivuta mpini, nguvu inashuka mguuni, inaishia kwenye zege.

Miguu ni nguzo za inchi nne kwa nne. Nimekata kila nguzo na kila kiungio nusu kwa nusu ili zilaliane, gundi katikati, kisha bolti mbilimbili. Mwalimu wangu kambini alikuwa anatugonga vidole kwa rula tukitegemea msumari kufanya kazi ya kiungio. Alikuwa Mrundi mpole mwenye mkono wa chuma. Alisema msumari ni shahidi tu, ndoa ni ya mbao na mbao. Nimemkumbuka mara nyingi leo.

Uso ni plaiwudi mbili za robo tatu ya inchi, nimezigandisha kwa gundi zikawa moja, unene wa sentimita karibu nne. Juu nimeweka ubao mwembamba mweupe. Mzee alitaka rangi ya mbao ionekane, ipakwe vanishi. Nikamwambia baruti yako ni nyeusi, chembe zake ni ndogo kuliko mbegu za mchicha, na macho yako si ya jana; ikimwagika kwenye mbao yenye nyuzinyuzi utaijuaje? Akafikiri, akasema fanya nyeupe. Ukingo wote nimeuzungushia kingo ndogo ya nusu sentimita ili fataki isibingirike ikaanguka.

Chini nimeweka rafu, na juu ya rafu mifuko minne ya mchanga, kila mmoja kilo 23 hivi. Huo ndio uzito niliokuwa nautafuta. Kisha nikaufunga mgongo wa meza kwenye nguzo za ukuta, zile za ndani, ambazo hapa hupangwa kila inchi 16. Unazitafuta kwa kugonga na kusikiliza.

Mizani sikuiweka mezani kabisa. Mzee alidhani nimesahau. Nimeitengenezea kirafu chake kwenye ukuta wa mashariki, unaokutana na ukuta wa meza kwenye pembe lakini hauigusi meza. Meza hata iwe nzito namna gani, chuma kikivutwa kitatuma mtetemo, na mizani hii inasoma sehemu moja ya kumi ya greini. Greini ni kipimo cha zamani cha Waingereza: 7,000 zinafanya ratili moja. Sehemu yake ya kumi ni miligramu 6 na nusu. Nimejaribu kufikiria uzito huo nikashindwa.

Jioni glasi ya maji. Ilijazwa na mzee mwenyewe, mpaka maji yakavimba juu ya mdomo. Akavuta mpini. Uso wa maji uliguswa na duara moja dogo, likaisha. Akavuta kwa mikono miwili, hasira na yote. Duara moja dogo. Hakusema kitu, alibandua glasi taratibu akanywa yale maji yote palepale amesimama.


Jumanne, 28 Januari

Baada ya kazi nimemtengenezea kabati la baruti. Alikuwa na sanduku la chuma la zana, zito, lina kufuli, akasema litafaa. Hapana, na katika hili alinielimisha mwenyewe kwa kitabu chake kabla sijamaliza kubisha: baruti ikifungiwa ndani ya chuma kisichopumua, moto ukifika, moshi wake hauna pa kwenda na sanduku linakuwa bomu. Ndani ya mbao, kuta zinaachia mapema, inaungua na kwisha. Kanuni za moto za hapa zinamruhusu mtu kuweka nyumbani hadi ratili 20 za baruti isiyo na moshi na fataki 10,000; baruti ikizidi hapo ndipo sanduku la mbao lenye kuta za inchi moja linapodaiwa. Yeye ana mikebe miwili tu. Nimemtengenezea la inchi moja hata hivyo. Vyote vinabaki kwenye vyombo vyake vya kiwandani vyenye maandishi yake. Baruti iliyohamishiwa kwenye chupa nyingine ni baruti isiyo na jina. Nimeweka kufuli, kwa sababu wajukuu wake huja kiangazi. Fataki zina droo yake mbali na baruti.

Kisha kibao cha kupangia maganda. Nilikuwa na kipande cha mti wa wolnati kilichobaki kwenye kabati la mteja. Nimetoboa matundu 50, safu tano za kumi, kipenyo nusu inchi kasoro kidogo, kina cha kutosha ganda lisimame bila kuyumba. Nilikitoboa nyumbani, barazani, na binti yangu mdogo akaja na koti lake. "Baba unachonga bao?"

Nikamwambia ni kama bao. Akahesabu matundu, akasema si bao, bao lina 32. Ni kweli, amefundishwa na babu yake mzaa mama kwa simu, na hakosei. Nikamweleza kwamba kwenye hili kila tundu linapata kete moja tu, na mchezo ni kuhakikisha hakuna lililopata mbili na hakuna lililokosa. Akaona ni mchezo mbaya. "Sasa nani anashinda?"


Jumamosi, 1 Februari

Leo nilikwenda kukaza bolti baada ya wiki. Hazikuhitaji. Mzee akaniomba nikae, nimshikie tochi.

Nimeona kazi yote. Maganda yaliyosafishwa yanapita kwenye kalibu ya kwanza moja moja: mpini chini, ganda linabanwa kurudi unene wake na sindano inatupa fataki mfu. Pete ya kalibu ni ya tungsteni kabaidi, ngumu kiasi kwamba ganda lililonyooka kama hili halihitaji kupakwa mafuta. Kalibu ya pili inafungua mdomo wa ganda kidogo sana, kama ua linaloanza. Halafu fataki mpya, anaisukuma kwa kifaa cha mkono na kuipapasa kwa kidole: lazima ilale chini ya kitako, isichomoze hata unywele. Mikono inatetemeka akifika kwenye kikombe cha chai, lakini kwenye fataki haitetemeki. Sijui linakwenda wapi lile tetemeko.

Kabla ya baruti alizima redio. Akarudisha kabatini kila kitu isipokuwa mkebe mmoja, akasoma jina lake kwa sauti, akafungua kitabu akasoma mstari wake kwa sauti, kidole kikiwa juu ya namba. Anajaza mchanganyiko huo miaka mingi, na bado anasoma. Anavyo vitabu viwili na analinganisha. Namba yenyewe siiandiki humu, kwa sababu aliniambia namba ya baruti isichukuliwe kwenye mdomo wa mtu wala daftari la mtu, ichukuliwe kwenye kitabu cha walioipima. Nimeiheshimu kauli hiyo.

Hatari ya ganda hili ameieleza hivi. Lilibuniwa wakati wa ile baruti ya zamani iitwayo nyeusi, iliyohitaji nafasi kubwa. Baruti ya leo ina nguvu zaidi, inatakiwa kidogo tu, inakaa chini kabisa na nafasi iliyobaki ni tupu. Kwa hiyo ukimimina mara mbili kwa kusahau, ganda halifuriki kukuonya. Linapokea tu. Halafu bastola inapasuka mkononi. Na ukisahau kabisa kumimina, fataki peke yake inaweza kukisukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu kikakwama; wewe umesikia mlio mdogo, ukadhani ni kawaida, ukapiga ya pili nyuma yake.

Alimimina yote 50. Kikohozi kilimshika mara moja katikati, akageuka pembeni, akarudi. Kisha akasema, "Sasa wewe." Nikamulika tochi safu kwa safu. Nyeusi chini, nyeusi chini, nyeusi chini. Safu ya tatu, la saba: shaba inang'aa mpaka chini.

Nilirudi nikaangalia tena kabla ya kusema. Nikasema.

Mzee alichungulia. Akakaa kwenye kigoda. Nilitegemea achukue kile kipimo amimine moja hilo tu, yaishe. Akachukua maganda yote 50, moja moja, akarudisha baruti mkebeni, akaanza upya kutoka la kwanza. Alisema kama mkono umekosea mahali pamoja ulipojulikana, hajui umekosea wapi pengine. Ilituchukua karibu saa nzima zaidi. Sijawahi kumwona fundi yeyote, hapa wala kambini, akivunja kazi ya 49 kwa ajili ya moja, na mimi mwenyewe sijawahi. Nimewahi kuziba ufa kwa gundi na vumbi la mbao nikapaka rangi juu, mteja akalipa. Nimeukumbuka huo ufa leo mchana wote.

Baada ya hapo vichwa: kila kimoja greini 158, gramu kumi na kidogo, vinasukumwa polepole mpaka alama yake, kisha mdomo wa ganda unakunjwa kuvishika. Alinipa kile cha mwisho nivute mimi. Mpini ulishuka laini kama wa mlango uliofungwa vizuri. Meza haikusema kitu.

Nikaishika risasi nzima kiganjani. Ilikuwa na joto la mkono wangu. Miaka 28 nimeijua kwa sauti.


Jumapili, 2 Februari

Nimevua nguo za kazi gerejini kwetu, nikanawa kwa sabuni na maji baridi mpaka viwiko. Mzee ndiye aliyeniambia maji yawe baridi, na kwamba asile wala asinywe mtu mezani pale. Madini ya risasi yanakaa kwenye vichwa, kwenye masizi ya fataki zilizopigwa, kwenye vumbi la kusafishia maganda, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, kwa ubongo. Alisafisha maganda yake nje, upepo ukimpiga kisogoni. Basi sharti la mke wangu la nguo kutoingia ndani lilikuwa sahihi kwa sababu mbili, yake na hii. Nimemwambia. Amesema anajua.

Ameniuliza pia kama mzee ataziuza zile risasi. Hapana. Sheria ya nchi nzima inamwacha mtu ajaze zake mwenyewe bila leseni. Akitaka kufanya biashara ni lazima awe na leseni ya kutengeneza. Akauliza, "Na wewe utajifunza?" Nimemwambia sina bunduki, na sitaki. Nimemwambia pia ukweli wote: kwamba ile kazi ni nzuri. Alikaa kimya, akinipima kwa macho. Kisha akaniuliza kama mzee anakula dagaa.


Jumamosi, 8 Februari

Tumekwenda uwanja wa shabaha, nje ya mji, jangwani, vichaka vya kijivu vimebeba theluji. Niliendesha mimi, barafu ni nyingi na macho yake si ya kuaminiwa barabarani. Nilikuwa nimeamua nibaki ndani ya gari.

Nilibaki dakika kumi. Milio ya watu wengine ilikuwa inakuja kila mahali, ya mbali na ya karibu, na mwili ukaanza kuhesabu kama zamani. Nikavaa vizuia sauti alivyonipa, nikashuka, nikaenda kusimama nyuma yake, mkono wa kulia. Sijui kwa nini nyuma yake palikuwa pepesi kuliko garini. Labda kwa sababu pale nilikuwa naona kinachofuata.

Alipakia tano tano, ingawa nafasi ni sita. Akainua mikono miwili. Akapiga. Mlio ulikuwa mdogo, wa upole kama alivyosema, na bastola haikuruka. Nikajua nini kimetokea ndani yake kwa mpangilio: kigongeo, fataki, baruti chini ya shaba, gramu kumi. Moyo ulipiga, lakini uliipiga ile moja tu, haukuipiga ya Uvira. Ya tano niliisubiri, ya sita haikuja, akafungua akamwaga maganda kiganjani.

Karatasi ya mwisho matundu yake yalikaa ndani ya duara la sahani ya chai. Ameikunja, ameitia kotini, atamwonyesha nani sijui, mkewe alifariki.

Tulipohesabu maganda yalikuwa 49. Alipokuwa anamwaga, vidole vilimsaliti mara moja. Akasema tuache, ni ganda moja. Nikamtazama, nikapiga magoti kwenye theluji. Nilikuwa mzuri sana wa kuokota maganda zamani. Nilitafuta tundu dogo la duara, mahali ambapo shaba ya moto imejichimbia yenyewe, nikaingiza kidole.

Nilipomfikisha kwake alipanga maganda kwenye kile kibao cha wolnati mezani, safu nne zikajaa na ya tano ikabakiza pengo moja. Nikalipachika lile la thelujini. Kisha tukaenda kunawa, yeye kwanza, na nikamkabidhi kopo la dagaa.